Pipa Langu na Ua la Mzoga

Jumatano, 12 Juni
Bwana Lüttmann, mwenyekiti wa chama chetu cha vibustani vya kukodi, kaja mpaka langoni kwangu na leso puani. Ati pipa langu linanuka. Ati majirani hawawezi kunywa kahawa nje. Jumamosi wanachama watapiga kura liondolewe.

Pipa langu! Majani ya kuwasha niliyoyaloweka wiki tatu, mbolea ya maji kama ya marehemu baba. Nyanya zangu zimenifika kiunoni. Zake, pamoja na dawa zote za dukani, bado zinatambaa. Wivu huo. Nimemwambia mbele ya mkewe: pipa likiondoka, nami naondoka.

Mke wangu, Roswitha, kasema hata yeye huko bustanini hakai tena. Adui yuko ndani ya nyumba.

Alhamisi, 13 Juni
Nimepata dawa yao. Lile ua la mzoga kutoka Sumatra, kwenye jumba la vioo la mimea la mji, limechanua jana jioni, mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Linanuka mzoga, na watu wanapanga foleni walinuse! Kesho nawapeleka wanachama wote. Atakayelinusa kwa hiari yake atapata wapi mdomo wa kulisema pipa langu?

Jioni nimekwenda kutandika taulo langu kwenye reli ya mbele ya ua, kushika nafasi, kama sisi Wajerumani tufanyavyo kwenye viti vya hotelini. Nikakuta taulo la Lüttmann, lenye jina lake. Sikuliiba. Nimelihamishia nyuma, kwenye bwawa la mikoko.

Ijumaa, 14 Juni
Balaa. Ua lenyewe refu kunizidi, jekundu ndani kama nyama buchani. Wanachama wakainama, wakanusa. Wakanusa tena. Bibi Tönnies, ambaye pua yake inajua kila mtu kapika nini, akaninyoshea kidole akasema mbona nafuu, harufu ya Eckhard ndiyo harufu. Wakacheka mpaka vioo vikatoa mwangwi.

Mtunzaji akaeleza kwamba harufu huwa kali usiku wa kwanza, kisha hufifia. Hayo angeyasema jana. Lüttmann akanipiga begani: asante sana, ndugu yangu, kampeni umeshanifanyia.

Nimeumia. Lakini sijashindwa. Ua limechoka, basi lisaidiwe. Nimewaalika tena kesho asubuhi kabla ya kura, kwa ahadi ya keki ya Roswitha.

Jumamosi, 15 Juni
Nilijaza chupa ya bia kutoka pipani, nikabana kizibo chake cha waya, nikaificha ndani ya koti. Nia yangu ilikuwa matone machache tu, nyuma ya chungu cha ua. Nani angejua kuwa joto la mle jumbani litayachachusha maji hayo? Nilipoinama, kizibo kikaruka. Povu la kijani likampata Bibi Tönnies kwenye kofia, lililobaki likaliogesha ua.

Na ilifaa! Watu wa nyuma walipiga makofi. Mmoja alisema sasa ndiyo limechanua kweli. Lüttmann alikuwa mweupe kama jibini. Kwa dakika nzima nilikuwa mshindi.

Kisha mtunzaji akafuata matone mpaka kwenye koti langu. Nimepigwa marufuku kuingia jumba la vioo maisha yangu yote. Kura: wote dhidi yangu, isipokuwa mimi na mke wangu. Roswitha hakupigia upande wowote, akasema anaifikiria upya ndoa yetu.

Jumapili, 16 Juni
Pipa limeondoka. Mimi siondoki, Lüttmann angefurahi mno. Usiku kucha nimesoma azimio lao. Limekataza pipa. Hakuna neno hata moja juu ya beseni la kuogea.

Lile kuukuu la shangazi nimelikokota mpaka mpakani mwa kibustani cha Lüttmann, upande upepo unakotoka. Linameza pipa mara mbili. Kelele haziruhusiwi Jumapili, na mimi ni mtu wa sheria, kwa hiyo majani nayakata kwa mkasi, taratibu. Muuza samaki kaniahidi vichwa.