Kayaki ya Kumshinda Daktari wa Meno

Jumatatu, 3 Juni
Mashindano ya kuunda vikayaki vya mbao, mifano ya mitumbwi myembamba ya kasia, ni Jumamosi, ukumbi wa maktaba. Mke wangu ametoa hukumu: nikishindwa tena na daktari wa meno, chumba changu cha useremala anapewa mama mkwe. Anakuja na kitanda chake. Haiwezekani! Daktari ana mikono mitulivu na dharau nyingi. Safari hii atanitambua. Nimeanza kayaki ya urefu wa kiganja.

Jumanne, 4 Juni
Mbavu za kayaki, vijiti vya kushika umbo lake, hupikwa kwa mvuke ndipo zipinde. Nimetumia sufuria ya wali. Zimevunjika zote, nyembamba mno. Dawa ni kuongeza ukubwa. Wali wa jioni ulinuka mbao. Mke akaenda kupima chumba changu kwa futi.

Alhamisi, 6 Juni
Zimevunjika tena. Nimeongeza tena. Sasa kayaki inanizidi urefu. Daktari alichungulia dirishani, akauliza huu ni mfano wa nini. Nikamjibu ni mfano wa kayaki kubwa zaidi. Akaenda zake. Nimemweza!

Ijumaa, 7 Juni
Niliingia ndani ya kayaki kubandika mbavu za mwisho. Gundi kali ajabu. Nikasinzia kidogo tu. Suruali imeganda kwenye mbao, na tundu la kukalia limenibana kiuno. Mke akasema, "Baba watoto, utaenda hivyo hivyo."

Jumamosi, 8 Juni
Mke na shemeji wamenibeba hadi maktabani. Nikashika kasia, nikakodoa macho, sikupepesa. Jaji akasema kayaki ni ya ovyo, ila sanamu ya mpiga kasia inastahili kikombe, ingawa fundi ameizidishia upumbavu usoni. Nikalimeza tusi. Mvumilivu hula mbivu. Chumba kimepona!

Ndipo daktari wa meno akaomba kuikagua sanamu kwa karibu. Akanifungua kinywa.

"Hili la nyuma limeoza," akamwambia jaji. "Tuling'oe."

Nilipiga yowe maktaba nzima ikasikia. Kikombe kachukua yeye.

Jumapili, 9 Juni
Shemeji amenitoa kwa msumeno. Suruali imebaki humo. Mama mkwe keshahamia, kitanda chake kimeenea ukuta hadi ukuta. Inauma.

Nimetafakari tangu asubuhi nilikosea wapi. Nimepajua. Kayaki ilikuwa ndogo! Ingekuwa pana zaidi, mkono wa daktari usingenifikia mdomoni. Ya mwakani itaenea vizuri chumba chetu cha kulala. Mke bado sijamwambia.