Hoki Yenu Imeniharibia Mume

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Michezo na Burudani ya Wilaya,

Mheshimiwa, natumaini barua hii itakukuta mzima, tena umekaa mahali pa joto, maana mimi naandika huku nimeghadhibika.

Mimi ni Guk Sun-rye, mke wa Sajini mstaafu Pyo Deuk-man, aliyepoteza miguu yote miwili kwa bomu la ardhini kule mpakani, miaka ishirini na sita iliyopita. Novemba mlimwandikisha katika hoki yenu ya barafuni ya wanajeshi walemavu, ile ya kuketi kwenye kiti cha chini chenye vyuma vya kutelezea. Hasara nilizopata ni hizi:

1. Mmeninyang'anya utulivu. Mume wangu alikuwa akikaa dirishani kutwa, akisema maneno mawili tu: "Chakula" na "Nalala." Sasa hata langoni hajaingia, anapiga kelele: "Mama Hye-won! Njoo uone pengo!" Jino la mbele limebaki uwanjani, naye analicheka.

2. Figili zangu thelathini za kuchachusha kimchi ya msimu kazipiga kwa gongo la hoki uani, eti mazoezi. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza, "Dada, huyo kapandwa na nini?" Nikamjibu, "Kapandwa na serikali."

3. Mmenimalizia huruma ya watu. Sokoni nilikuwa naongezewa kipande cha tofu ya soya: "Maskini, mke wa yule." Kisha mkaleta mechi na wazima moto, wenye miguu yao, wamefungwa kwenye viti vilevile. Mmoja akamwambia mume wangu, "Mzee, usiogope, nitakuja polepole." Mheshimiwa, kweli alikuja polepole. Alirudi upesi, chali, hadi golini kwao. Tangu siku hiyo muuza tofu ananipimia kama watu wengine, kisha ananiuliza mechi ijayo ni lini.

4. Hili ndilo zito. Tulipokuwa tukirudi nyumbani kwa gari baada ya mechi hiyo, mume wangu alitaja majina ya vijana wawili waliokuwa naye siku ile ya bomu, wasirudi. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kuyasikia. Alilia mpaka nikaegesha gari kando ya barabara, nikalia naye. Fomu yenu imeandikwa "burudani." Nani alinionya?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, programu hiyo ifungwe, nami nirudishiwe mume wangu kama mlivyomchukua: kimya, msafi, meno kamili.

Msalimie kocha, uwasalimie na wazima moto wote, hasa yule aliyerudi chali.

Ni mimi, mwenye kudhulumiwa,
Guk Sun-rye

N.B. Kocha amenipigia simu sasa hivi. Anasema timu haina golikipa, na kwamba kanuni za wilaya zinamruhusu hata mwenye miguu, mradi afungwe kitini. Naomba kinga ya kifua ya saizi kubwa, na kofia isiyobana masikio. Jumamosi nitafika mapema.