Kikombe Nilichokiinua Mapema

Jamaa zangu wa Lamu, nawasalimu nyote hapo barazani.

Mwanijua. Mimi Athumani hakuna jambo duniani la kunishangaza. Nimeona nyumba ya mawe ikianguka na mwenyewe akitoka ndani na bakora yake mkononi, akiuliza nani kagonga. Gari la moshi lilipokuja mara ya kwanza watu walikimbia, mimi nikalisogelea nikaligusa. (Lilikuwa la moto. Niliungua.)

Basi leo nimeaibika, mchana kweupe, mji mzima ukitazama. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjaletewa habari na wengine, maana wao watatia chumvi, na chumvi tayari imo.

Matajiri wa mji na Wazungu walitangaza mbio za farasi. Si zile za kuisha kabla mtu hajamaliza kutafuna tambuu. Mbio ndefu, kuizunguka Mombasa mara tatu: kutoka uwanja ulio mbele ya Ngome, Makupa, Kilindini, na kurudi. Mshindi apewa kikombe cha fedha cha mikono miwili, kirefu kushinda birika.

Nilikitaka, sitaficha. Nina nyumba tatu za mawe na maduka mawili, yote kwa bega langu, bila baba wala mjomba. Lakini nikipita, watu husema, "Yule Athumani Mzega." Sababu mwaijua. Miaka ishirini nyuma nilikuwa nikiuza maji nyumba kwa nyumba, mzega begani, ule mti wenye debe huku na debe huku. Nikasema kikombe kile kikikaa sebuleni mwangu, jina hilo litakufa.

Farasi sina. (Punda ninao saba, na hakuna punda kama wangu.) Nikaenda kwa rafiki yangu Salim. Yeye ana Johari, farasi jike mwekundu, aliyekuwa wa mwanawe Nasoro. Kijana alikufa kwa homa mwaka jana. Tangu hapo Salim humsugua yule farasi kwa mkono wake kila asubuhi, na hakuna aliyempanda.

"Salim, nipe Johari siku moja."

"Athumani, wewe farasi huwajui."

"Mimi nimeendesha punda tangu wewe huna ndevu."

"Punda akichoka hugoma. Farasi hagomi. Yuwaenda mpaka afe. Mnyweshe kila kisima, Athumani. Niahidi."

Nikaahidi. Kuahidi ni kazi nyepesi.

Leo alfajiri tukapanga mstari, farasi sita. Daktari wa wanyama, Mhindi mfupi mwenye miwani, akatusomea masharti. Mpandaji amnyweshe mnyama wake mwenyewe, asisaidiwe na mtu. Na atakayefika wa kwanza hapewi kitu mpaka mnyama wake asimame nusu saa na aonekane mzima. Mimi nilisikia "wa kwanza" nikatosheka.

Mzunguko wa kwanza nilikuwa mbele ya wote. Kisimani Makupa watu wamejaa kutazama. Johari akageuza shingo mwenyewe kuelekea kwenye maji. Na pale ukingoni kakaa nani? Shebwana muuza kahawa, ambaye ulimi wake haupumziki Ijumaa wala Jumamosi. Akainua ndoo.

"Bwana Athumani, karibu. Kamba waijua."

Watu wakacheka. Haya, niambieni nyinyi. Nimevaa joho jipya, kilemba nimefungwa na fundi. Nishuke, nivute kamba, nibebe ndoo mbele ya watu wale wale niliokuwa nikiwapelekea maji majumbani? Nikamvuta Johari kichwa.

"Huyu hana kiu," nikasema kwa sauti.

(Alikuwa na kiu.)

Mzunguko wa pili akavuta shingo tena, kwa nguvu zaidi. Shebwana akaniambia, "Ukitaka na mti wa begani, nitakuazima." Nikampiga Johari visigino tukapita. Nyuma yangu Mzee Abeidi, muoka mikate, alikuwa ameshuka. Anavuta maji, anamnywesha farasi wake mbavu-nje, anammwagia mgongoni, anamsemesha kama bibi harusi. Nilimcheka njia nzima mpaka Kilindini.

Mzunguko wa tatu, tulipofika kisimani, Johari hakugeuza shingo. Nikafurahi. Nilidhani tumeelewana.

Niliingia uwanjani peke yangu, nyuma hata vumbi halionekani. Sikungoja kitu. Nikashuka, nikaenda moja kwa moja mezani, nikakichukua kikombe, nikakiinua juu ya kilemba. Nikatoa na hotuba. (Fupi. Nilikuwa nimeitunga wiki mbili.)

"Leo mmejua nani ni nani," nikamaliza.

Watu walikuwa wakitazama nyuma yangu.

"Kiweke chini, bwana," akasema daktari. "Nusu saa bado."

Nikageuka. Johari alikuwa akitetemeka miguu yote minne. Akapiga magoti. Kisha akalala ubavu, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake.

"Anapumzika," nikasema. "Ndiyo desturi yake."

"Basi mletee mto," akasema mtu.

Salim akatoka katikati ya watu. Hakunitazama. Akapiga magoti, akamfungua Johari mdomo, akaugusa ulimi kwa kidole.

"Umemnywesha wapi?"

"Makupa."

"Ulimi mkavu, Athumani."

Kando ya uwanja alikuwapo mchukuzi mmoja na madebe yake mawili, akiwauzia watazamaji maji. Nikamtupia anna mbili, bei ya maji yake. Sikungoja anibebee. Niliutia mti begani mwenyewe, na joho langu na kilemba changu, nikaukata uwanja mbio. Bega halikusahau, jamani. Halikumwagika hata tone. Mji wote ulimwona Athumani Mzega yuko kazini, na hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Johari hakunywa. Salim alimlowesha midomo kwa kiganja, maji yakaingia huku yakatokea huku. Alikuwa akimnong'oneza maneno ambayo Nasoro alikuwa akimwambia akimtia hatamu. Nusu saa haikutimia, pumzi zikamwisha.

Kikombe kapewa Mzee Abeidi, aliyefika wa pili, saa nzima baadaye, farasi wake akitafuna majani. Alikipokea ameinamisha macho, kama mtu anayepokea kahawa matangani.

Alasiri nilikwenda kwa Salim na rupia mia tatu ndani ya kitambaa. Hakunifungulia. Nikampa mpwa wake mlangoni. Kabla ya magharibi mpwa akaja kwangu, fundo la kitambaa liko vile vile nilivyolifunga.

"Mjomba asema farasi hakuwa wa kuuzwa."

"Na nini tena?"

"Asema usijisumbue kuja."

Basi msinicheke, ndugu zangu, au chekeni huko huko Lamu nisisikie. Nimekaa nikipiga hesabu ya siku nzima. Farasi hakulipiwa, kikombe si changu, rupia zangu mia tatu ninazo hapa mbele yangu. Yote yaliyonitoka leo ni anna mbili, nilizompa yule mchukuzi wa maji.