Alama ya Mawimbi Matatu

Jumatatu, 8 Julai 2024
Nimeamua. Kamusi ya lugha ya ishara ya Mbinga nitaiandika mimi, Hyasinti, fundi wa mabango. Jumamosi hii kikundi cha viziwi kitachagua kitabu kimoja cha kupelekwa kwenye zahanati zote, na jina la mwandishi litakaa kwenye jalada. Jina la nani? La mtu mwenye mwandiko mzuri! Picha ya jalada la nyuma nimeshapiga. Nimeshika tama, nawaza. Mpiga picha ameniuliza kama nimefiwa.

Sababu nyingine ni dada yangu Beata, ambaye ni kiziwi. Mwaka jana aliumwa jino, zahanati wakampa dawa ya minyoo. Mkalimani alikuwa mbovu. Mkalimani nilikuwa mimi. Sitaki kulizungumzia.

Mpinzani ni mmoja tu: Mwalimu Saida, anayefundisha watoto viziwi. Amekusanya ishara kwa miaka sita. Mimi nina siku tano. Lakini nina rangi.

Jumanne, 9 Julai
Nimekwenda kwa Mwalimu Saida kumsalimia. Yaani kupeleleza. Amenikaribisha vizuri mno, nikaingiwa na shaka. Chai, vitumbua, halafu akanifungulia daftari lake mwenyewe! Nilikuwa nimejiandaa kulichungulia akienda jikoni. Kanivurugia mpango.

Anasema ishara hazipangwi kwa A, B, CH. Mtu akiona ishara asiyoijua atatafuta herufi gani? Kwa hiyo yeye anaanza na umbo la kiganja: ngumi mahali pake, kidole kimoja mahali pake. Kisha sehemu ya mwili ambapo mkono unakaa. Mwisho ndio mwendo wa mkono. Akili hiyo! Imeniuma.

Nikiiga, watasema nimeiba. Basi mimi nitaanza na mwendo. Mkono unaanza kwa kufanya nini? Hapo ndipo ishara itakapopangwa. Na maandishi nimebuni: mshale ni kupanda, duara ni kuzunguka, mawimbi matatu ni kukung'uta. Nimejaribu kuandika "habari za asubuhi". Imetoka ramani ya bomba la maji.

Jumatano, 10 Julai
Mpepai, kwenye mtambo wa kahawa. Beata hushinda hapa msimu wote, anaosha kahawa na wenzake wawili, viziwi kama yeye. Wanasimama kwenye mfereji, mikono imezama mpaka viwikoni, wanasugua utelezi wa buni. Nimekaa ukingoni na daftari. Naonyesha kitu, wanatoa mikono, wananifanyia ishara, nachora.

Ugunduzi! Kila neno linaanza kwa kukung'uta mikono. Mtoto: kung'uta, kisha mtoto. Homa: kung'uta, kisha homa. Wote watatu! Miaka sita Mwalimu Saida hajaliona hili. Daftari lake halina kung'uta hata moja. Nimemhurumia.

Msimamizi kalalamika kwamba nawachelewesha watu. Nimemwambia hii ni sayansi. Kaniambia sayansi isogee, anataka kufungulia maji.

Alhamisi, 11 Julai
Ishara tisini na sita! Shaka moja ndogo: nyumbani, Beata akiniita kula, hakung'uti. Nimewaza mpaka chai ikapoa. Jibu: nyumbani anaongea kienyeji, kazini anaongea rasmi. Kamusi ni ya lugha rasmi. Nimetulia.

Nimemwonyesha ukurasa wa kwanza. Ameutazama, akanitazama mimi, akauliza jambo refu kwa mikono. Nilikuwa na haraka, rangi ilikuwa inakauka kwenye kopo. Nimeitikia ndiyo.

Tatizo liko kwenye sura. Nilipanga ziwe kumi na mbili, imetoka moja. Sura ya Kwanza: Kukung'uta, kurasa tisini na sita. Zile kumi na moja zimebaki na vichwa tu. Nimevizungushia maua.

Jumamosi, 13 Julai
Niandike haraka ili nisahau haraka. Mwenyekiti wa kikundi ni Mzee Twaha, fundi cherehani, kiziwi mwenye macho makali. Nilimwamkia shikamoo kwa mikono yote miwili, nikikung'uta kwanza. Alijifuta uso.

Jaribio lilikuwa hivi: yeye anafanya ishara moja, Nesi Lidia wa zahanati anaitafuta kitabuni. Akafanya. Kwenye kitabu cha Mwalimu Saida, Lidia alitazama umbo la kidole, akatazama shavu, akasema jino. Mimi hata kukaa sawa sijakaa.

Kikaja changu. Lidia akafunua: mawimbi matatu. Akafunua tena: mawimbi matatu. Alipofika ukurasa wa arobaini akaniuliza kama kitabu kina neno zaidi ya moja. Nikamwambia asitafute, ajaribu kuongea tu, afuate maandishi. Akamgeukia Beata. Akakung'uta, akamwuliza anaumwa? Akakung'uta, akamwuliza wapi? Viziwi wote wakalalia mabenchi kwa kicheko.

Beata hakucheka. Alieleza taratibu, Mwalimu Saida akatafsiri. Yale ni maji. Walikuwa wanakung'uta maji ya kahawa. Alhamisi aliniuliza kwa nini nimechora maji, nikaitikia ndiyo. Kisha akagusa shavu lake. Lile jino bado linamuuma. Mwaka mzima, na mimi ndiye ninayekaa naye mezani.

Nimeona aibu sana. Nilishindwa hata kumtazama. Halafu nikakumbuka kwamba angeweza kutumia taulo.

Jumapili, 14 Julai
Kesho Lidia atampeleka Beata kung'olewa jino. Nimejitolea kuwa mkalimani. Beata amekataa kabla sijamaliza kunyoosha vidole. Anakwenda na kitabu cha Mwalimu Saida.

Viziwi wamenipa jina la ishara: kukung'uta mikono mara tatu. Wengine husubiri miaka kupewa jina. Mimi siku tano!

Mchana amekuja Mwalimu Saida mwenyewe. Anasema mkono wangu unajua kuchora, anaomba nichore kamusi yake. Jina langu litakuwa ndani, ukurasa wa pili. Nimemwambia nitafikiria, nikakubali. Kwanza niende Lundo nikakusanye ishara za viziwi wa ziwani. Amenisisitizia mara mbili: watu waache kazi, wakae, mikono iwe haina shughuli. Nimeitikia ndiyo.

Alhamisi, 18 Julai. Lundo
Akina mama watatu viziwi wanaanika usipa, dagaa wa huku ziwani, kwenye vichanja. Sikuwaambia waache kazi. Usipa usipopata jua unaharibika, na mimi si mtu wa kuharibia watu usipa. La muhimu ni maji, na maji hakuna. Nimekagua viganja mwenyewe, kimoja kimoja. Vikavu kabisa! Magamba tu.

Na huku hawakung'uti! Huku kila neno linaanza kwa kupangusa viganja kwenye kanga, mara mbili. Wote watatu! Mwalimu Saida hajaliandika popote. Nimebuni alama yake: mistari miwili ya kushuka. Sura ya Kwanza: Kupangusa.

Ukurasa wa pili abaki nao mwenyewe. Nimempigia simu yule mpiga picha. Safari hii nitatabasamu.