Yah: Kuondolewa kwa Bibi wa Kona ya Tatu

Ndugu Meneja wa Bustani ya Michezo Korosho Njema, Masasi,

Shikamoo. Kama nimekuzidi umri nirudishie, nami nitaitika marahaba.

Mimi ni Ziada binti Mahmudu, fundi cherehani, mzaliwa wa Mnyambe kule Newala, mkazi wa hapa Masasi. Naandika kuhusu treni yenu ya watoto mliyonunua mtumba kutoka Ulaya, ile inayopita kwenye handaki la mabati. Kona ya tatu anaruka mwanamke mweusi wa plastiki, mkuki mkononi, sketi ya majani kiunoni, anabweka, na pembeni yake mzungu anachemka kwenye pipa. Usoni ana chale za Kimakonde, na mdomo wa juu una ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, kama aliyovaa bibi yangu mzaa mama. Bango linasema "Bibi Mla Watu".

Kwenye kikao cha wazazi Jumamosi ulitwambia tuchague: aondolewe, au abadilishwe maana, aitwe Mama Lishe, na yule mzungu awe mtalii anayeoga maji moto. Siku ile nilinyamaza kwa adabu. Sasa adabu imekwisha, na malalamiko yangu ni haya:

1. Majani. Nina miaka ishirini na saba kwenye cherehani, sijawahi kuletewa majani nishone. Bibi alivaa kaniki, na ya kutokea ilikuwa kanga.

2. Maji. Hili limeniuma kuliko yote. Newala ya bibi yangu haikuwa na maji. Alishuka bondeni kabla ya jua, akapanda mlima na mtungi kichwani, na sisi watu watano tukanawa uso kwa kikombe kimoja. Leo mnamwonyesha akimaliza pipa zima kumchemshia mwanamume mmoja, tena na viatu vyake! Kumwita mla watu ni tusi, lakini kumwita mpoteza maji ni uzushi mtupu. Mmakonde gani angekubali? Angekuwa mla watu kweli, angemchoma.

3. Utani. Watani zetu hutucheka mpaka msibani, na sisi tunacheka. Lakini mtani akishacheka hushika jembe akachimba kaburi. Bibi alipofariki nilikuwepo tangu kuosha mpaka kuzika, na sikumwona fundi yeyote wa treni kutoka Ulaya. Hakuja, hakutuma hata chumvi. Ruhusa ya kututania amepewa na nani? Aje kwanza. Huku misiba haikosekani, kazi atapata.

4. Kubadilisha maana. Sikatai, ila nashauri tuanzie kwako. Bibi yako mzaa mama asimamishwe kona ya tatu. Mimi nitakuja kumpima kiuno, majani nitayafuata mwenyewe kijijini Chiungutwa. Abweke mwezi mzima, nawe uwe ndani ya pipa. Mkimaliza mwezi bila mtu wa kwenu kununa, nitakubali kwamba huu ni mchezo tu.

5. Kwa kuwa najua hutakubali, basi aondolewe kabla ya Ijumaa, avunjwevunjwe, asibaki hata kidole. Mjukuu wangu Huruma ana miaka sita. Amerudi kutoka kwenu akilia kwa kumwogopa bibi wa bibi yake. Nimeumia, Ndugu Meneja, na sioni haya kukwambia.

Nisalimie wote kazini: Glory mkata tiketi, dereva wa treni, na yule mzungu wa kwenye pipa mwambie pole.

Ni mimi mwenye hasira na heshima zote,
Ziada binti Mahmudu

Nyongeza: Barua hii niliifunga jana. Leo asubuhi nimempeleka mama yangu, Bibi Kibibi, aone kwa macho yake, awe shahidi wangu. Kona ya tatu watoto walipiga mayowe. Mama akaweka kanga yake vizuri, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mama." Kisha akamwomba dereva azungushe tena. Tumezunguka mara sita. Bibi yangu, mama yake, hakuwahi kupigwa picha, na mama ameniambia alikuwa ameshasahau ule mdomo ulivyokaa. Basi Ndugu Meneja, nakuomba sana, msimwondoe. Izimeni tu ile sauti ya kubweka, kwa sababu kesho mama anarudi kuongea naye.