Taarifa Rasmi kuhusu Limbu Kutofika Pwani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyetuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, uliyetuma udhuru wa kuunga mkono ule wa kwanza. Baba Paroko na Mchungaji wetu wa Moravian, mliokaa kwa umbali wa kuheshimiana. Wadau na wapenzi wa wanasesere wa Msafara wa Mninga kutoka Ziba, Ntalikwa, Isikizya na hapa mjini. Na muuguzi wangu Siwema, uliyenipa dakika kumi: kila mmoja ajihesabu ametajwa kwa cheo anachokipenda.

Mimi, Nikolaus, Mwenyekiti wa Kudumu wa Baraza la Historia la Msafara, nasimama mbele yenu nikiwa nimekaa, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa Baraza. (Kicheko.)

Kwa miaka thelathini na minne wanasesere wetu wa mti wa mninga, kila mmoja na kijitabu chake, wamemfuata Limbu, kiongozi wa wapagazi, kutoka Tabora kwenda pwani. (Makofi.) Hata hivyo, tathmini shirikishi imebaini kwamba baada ya kijitabu cha arobaini, kilichomwacha Limbu chini ya kilima cha mwisho kabla ya bahari, zilijitokeza changamoto. (Sauti: "Changamoto gani? Uliharibu, mzee!")

Naomba utulivu. Asilimia tisini na moja nukta tatu ya malalamiko yaliandikwa na mtu mmoja, Mwalimu Recheli wa Isikizya, binti wa marehemu Ambrosi, mchongaji wetu wa kwanza. Yuko mstari wa mbele na vijitabu vyake kwenye kapu. Alihoji kwa nini cha arobaini na moja kilitangaza kwamba Limbu hakuwahi kutoka Tabora, bali aliota safari nzima akiwa na homa. Huo ulikuwa uamuzi wa kimkakati. (Zomeazomea.) Alihoji kwa nini cha arobaini na mbili kilimfanya Minza, mpishi wa msafara, kuwa mama mzazi wa Limbu, ilhali katika cha tatu Limbu alimbeba mgongoni Minza aliyekuwa mtoto mchanga. Hiyo iliongeza mvuto wa brendi.

(Mwalimu Recheli: "Shikamoo mzee, lakini mama abebwe na mwanawe kabla hajamzaa?")

Marahaba, mwalimu. Swali zuri, Baraza limelipokea. Alihoji pia kwa nini siku hizi wanasesere wote wamekaa kitako. Hiyo ni Awamu ya Mapumziko Endelevu, iliyotokana na ukweli kwamba mchongaji mpya hawezi kuchonga miguu.

(Zuwena, mtani wangu Mzaramo, kutoka nyuma: "Mnyamwezi wewe, miaka kumi unatuzuilia mgeni njiani! Pwani wali umeshalala! Kufa kama unakufa, ila Limbu apite kwanza!" Kicheko kirefu.)

Ahsante, mtani. Ndiyo maana nimeomba ruhusa ya kutoka wodini.

Ambrosi alikuwa akichonga huku anasimulia, kwa Kinyamwezi, bila haraka. Mwanasesere akiisha na hadithi imeisha. Mimi nilikaa pembeni na daftari, nikaandika kwa Kiswahili kilichonyooka, na kwenye jalada nikaweka jina langu. Vijitabu vyote arobaini. Alipoanza kuumwa nilimtembelea mara sita, nikamletea machungwa, na sikumuuliza yaliyobaki, kwa maana kumuuliza kungekuwa kukiri kwamba sikuyajua. (Kapu la mwalimu linaanguka.)

Kabla sijaishiwa pumzi, kaulimbiu. Msafara! ("Oyee!") Historia sahihi! ("Oyee!") Mwenyekiti! (Kimya.) Barabara.

Nawashukuru sana kwa kufika kuzindua Mradi wa Kurejesha Msafara, wenye vijitabu kumi vipya na rodimapu ya miaka mitano, ambao haupo. Faili hili la bluu lina karatasi moja nyeupe. Baraza nalo halipo. Sahihi saba za wajumbe wake ni zangu, kwa kalamu saba.

Mwalimu Recheli, nimekuibia baba mbele ya watu, basi nalirudisha jina lake mbele ya watu. Msamaha ni wako, utoe au uuzuie. Lakini jioni, nyumbani, najua alikusimulia na wewe. Siwema ananionyesha saa. Niambie, binti yangu: kile kilima, Limbu alikipanda?

(Mwalimu Recheli anaokota vijitabu vyake kimoja kimoja. Kisha anavuta kiti, anakaa kumkabili mzee, na anaanza, kwa Kinyamwezi, bila haraka.)