Tundu Moja Kwenye Kadi ya Edisa

Jumatatu, 8 Juni 1970
Nimepata kazi! Walimu wawili wa chuo wamefika Bwera kutoka Kampala. Bwana Mugenyi hufundisha sheria, Bwana Onen mashine za kuhesabu. Wanatafiti pamoja: mashine ikisema hivi na mtu mwenyewe akisema vile, sheria imsadiki nani? Mimi na Masereka tunajaza fomu nyumba kwa nyumba. Yangu nimeijaza mwenyewe. Fomu iliuliza nani hulala hapa. Wawili: mimi na Edisa, mke wangu. Tulimzika Machi, lakini mto wake bado upo kitandani.

Jumatano, 10 Juni
Bwana Onen anatoboa kadi za mashine kutokana na fomu zetu, moja kwa kila mtu. Kila tundu ni habari ya mtu. Ameolewa, tundu. Anasoma, tundu. Amekufa, tundu la mwisho kabisa. Kadi ya Edisa haina hilo la mwisho! Masereka akanitazama. Aliimba mazishini, huyo.

Alhamisi, 11 Juni
Balaa! Masereka amenisema kwa walimu. Bwana Mugenyi ameomba, kwa upole, kumwona mke wangu kesho. Mbio kwa Kaswera, muuza vitenge kutoka Butembo. Nikamwomba awe Edisa kwa dakika kumi. Akacheka hadi vitenge vikaanguka. "Muzee, miye niko muzima! Edisa iko mu udongo, umuache alale." Kisha akafuta macho, akanipa ndizi mbili.

Ijumaa, 12 Juni
Nikaenda peke yangu. Nikasema Edisa yuko shambani Bwesumbu. Bwana Mugenyi akauliza atarudi lini. Hilo sikuwa nimelipanga. Nikajikuta namweleza jinsi Edisa alivyopanga dirishani kila jiwe aliloliokota kwenye maharage. Mawe hayo sijayaondoa. Bwana Mugenyi akavua miwani, akasema pole sana mzee, lakini kadi lazima iseme kweli. Bwana Onen akatoboa. Tak! Kikaanguka kipande cha karatasi, kidogo kuliko punje ya mchele. Nimekiokota. Kiko dirishani, na mawe.

Jumamosi, 13 Juni
Akili imekuja! Nimepewa kazi ya kufunga kadi za Bwera zote kwa safari ya Kampala. Nikakoroga gundi ya unga wa muhogo. Nikakirudisha kile kipande tunduni mwake, nikapuliza. Edisa mzima! Gundi ilikuwa bado mbichi kidogo. Nikafunga kwa nguvu.

Jumatatu, 29 Juni
Walimu wamerudi. Kadi ziligandana njiani, mashine ya Kampala ikazitafuna mia tatu kabla ya kuzimwa. Bwana Onen kanifokea mbele ya Masereka, aliyekohoa kwa furaha. Bwana Mugenyi akaamua: aliyeharibu ahesabu upya nyumba zote, peke yake. Nikaomba radhi. Nikaapa nimejifunza. Nikapewa fomu mpya.

Nimeanza na kwangu. Wakaaji: wawili.